Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wageni wanapopanda kilima cha Namirembe, na kila mafundi wanapoitwa kutazama ukuta au paa la kanisa la zamani. Mengi yana mzizi mmoja: jengo la leo ni la tano mahali hapa, na karibu kila kilichomo kimewekwa hivyo kwa sababu ya kilichoharibu yale manne yaliyotangulia.

## Mambo ya mwanzo

Kanisa hili liko wapi, na ni la dhehebu gani?

Liko juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, upande wa magharibi wa katikati ya mji, jirani na Mengo. Ni la Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, na ni kanisa kuu la Dayosisi ya Namirembe. Ukitoka mjini, fuata barabara ya Namirembe kupitia Bakuli. Taksi zitakushusha chini, kisha utapanda kwa miguu au kwa bodaboda. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897, iko kwenye mteremko wa kilima hicho hicho.

Ndilo kanisa kuu kongwe kuliko yote Uganda?

Ndiyo, kwa maana ya kanisa kuu lenye kiti cha askofu. Lakini tofautisha mahali na jengo. Ibada hapa zilianza mwaka 1890 au karibu na hapo. Kuta unazoziona leo zilianza kujengwa mwaka 1915 na kukamilika mwaka 1919. Anayekuambia jengo hili ni la 1890 amechanganya la kwanza na la tano.

Kwa nini lilijengwa juu ya kilima?

Kwa sababu Buganda ilitawaliwa kutoka vilimani. Ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ilikaa juu, wakubwa wake wakapewa vilima vya jirani, na aliyepewa kilima alikuwa amepewa heshima mbele ya watu wote. Kabaka Mwanga II aliporudi kwenye kiti chake baada ya vita vya dini vya miaka ya 1888 na 1889, Waprotestanti walipata Namirembe. Wakatoliki walipata Lubaga, kilima kilichokuwa na ikulu ya baba yake, Muteesa I. Desemba 1890 kapteni Lugard, afisa wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akapiga kambi kwenye kilima kidogo cha Kampala, panapoitwa leo Old Kampala, na tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana chini ya vilima hivyo hivyo. Simama nje ya kanisa uangalie Lubaga, Mengo na Old Kampala kwa mkupuo mmoja, na siasa za miaka ile zitakuwa wazi mbele yako kuliko maelezo marefu.

Kilima kina faida zake za ujenzi pia. Maji ya mvua hayatuami na ardhi ya juu ni ngumu. Hasara zake ni mbili, upepo na radi, na zote mbili zililigharimu kanisa hili sana.

Kiswahili kina nafasi gani katika historia hii?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa kwanza wa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, walifika kwa Muteesa tarehe 30 Juni 1877, na mwenzao Alexander Mackay akafika mwaka uliofuata. Wakati huo hapakuwa na Injili iliyochapwa kwa Luganda. Watu wa ikulu waliozoea wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanajua Kiswahili, kwa hiyo masomo ya mwanzo yalifanyika kwa kurasa za Kiswahili, huku Mackay akitafsiri na kuchapa vipande vya Luganda kidogo kidogo. Watano wa kwanza walibatizwa tarehe 18 Machi 1882. Biblia nzima ya Luganda, kazi iliyoongozwa na George Pilkington pamoja na wenzake Waganda, ilikamilika mwaka 1896.

## Majengo manne yaliyotangulia

Lile la kwanza lilishindwa kwa nini?

Maji. Lilijengwa mwaka 1890 sehemu ya chini, kwenye ardhi yenye unyevunyevu, na likaachwa mwaka uliofuata. Jengo la miti na matete hufa kuanzia miguuni. Nguzo iliyochimbiwa kwenye udongo mbichi huoza pale inapokutana na uso wa ardhi, ndani ya sentimita chache tu za juu, kwa sababu hapo kuna maji na hewa pamoja. Sehemu ya chini zaidi inaweza kutoka nzima, na ya juu ikawa nzima vilevile, lakini nguzo imeshakatika.

Na la pili?

Upepo. Lilijengwa juu ya kilima kati ya 1891 na 1892. Lilikuwa ukumbi mkubwa wa vigogo vya miti vilivyobebwa na watu kutoka mbali, kuta za matete na paa la nyasi. Mwaka 1894 dhoruba ililiangusha.

Watu huuliza upepo unawezaje kung'oa paa zito hivyo. Jibu liko kwenye kuta. Paa lililofungwa vizuri juu ya ukumbi uliozibwa pande zote husukumwa kutoka nje tu. Kuta za matete zikiachia upande mmoja, upepo huingia na kusukuma kutoka ndani kwenda juu, na wakati huo huo upepo unaopita juu ya mgongo wa paa unalivuta. Nguvu hizo mbili zinaelekea upande mmoja. Kamba za magome zilizofunga kombamoyo kwenye boriti zilitengenezwa kubeba uzito unaoshuka, si unaopanda. Ndiyo maana hadi leo, kwenye kanisa lolote la kilimani, fundi makini huuliza kwanza paa limeshikwaje na ukuta, kisha ndipo anauliza limeezekwa kwa nini.

La tatu, je? Nimesikia kwamba liliangushwa na mchwa.

Halikuangushwa. Liliachwa kabla ya kuanguka, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lilijengwa 1894 hadi 1895 kwa mtindo ule ule wa nguzo za miti, na mchwa wakaanza kuzitafuna hadi hapakuwa na usalama tena. Mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje. Nguzo inaonekana nzima, ukiigonga inalia kama debe tupu.

Adui huyu alijulikana vizuri. Biblia ya Luganda iliwahi kuchapwa yenye kurasa ndogo na unene mkubwa, kwa umbo la kuingia kwenye kopo la biskuti, ili mwenye nayo aifunge humo isiliwe.

La nne lilikuwa la matofali. Liliunguaje?

Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, paa lilikuwa la nyasi. Humo ndimo mlikuwa na udhaifu wote.

Ujenzi ulianza miaka ya mwanzo ya 1900 na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1904, enzi za askofu Alfred Tucker. Kazi ya matofali ilisimamiwa na Borup, mmisionari fundi aliyefundisha vijana kufyatua na kuchoma. Machifu na watu wao, wanaume kwa wanawake, walibeba udongo, kuni na matofali vichwani. Lilikuwa jengo la kujivunia, na Waganda walijivunia. Mwaka 1910 radi ikapiga paa. Nyasi kavu za unene ule hazizimiki. Moto ukishaingia katikati ya tabaka, maji ya ndoo hayaufikii. Kenchi zikaanguka ndani, na joto la moto unaowaka juu ya kuta ndefu hupasua matofali na kulegeza viungo, kiasi kwamba hata ukuta unaobaki umesimama hauwezi kubebeshwa paa jipya kwa kuuamini.

Radi ile ingezuilika?

Kupiga kwake, hapana. Maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria ni kati ya yale yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na jengo refu juu ya kilima litapigwa tu. Kilichowezekana ni kuipa njia ya kushuka ardhini bila kupitia kitu kinachowaka. Njia hiyo hujengwaje, tazama swali la kinga ya radi kwenye sehemu ya utunzaji.

## Jengo la sasa

Nani alilichora?

Msanifu Arthur Beresford Pite wa London. Ujenzi ulifanyika 1915 hadi 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vinaendelea, wakati askofu alikuwa John Jamieson Willis. Vita vilifanya kila kitu cha meli kuwa adimu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuheshimu jengo hili: sehemu kubwa ya uzito wake ni udongo wa nchi hii, ulioumbwa na kuchomwa kwa mikono ya watu wa hapa.

Limejengwa kwa nini hasa?

Matofali mekundu ya kuchoma kwa kuta na nguzo, vigae vya udongo kwa paa. Ukilinganisha na majengo manne ya mwanzo utaona hesabu iliyofanywa. Hakuna nguzo ya mti iliyochimbiwa ardhini kwa mchwa. Hakuna nyasi za kuwaka. Kuna uzito wa kutosha juu kupambana na upepo. Na limekaa juu, mbali na maji.

Matofali ya namna hii hutengenezwaje?

Njia ya asili bado inatumika katika vijiji vya Uganda, kwa hiyo si siri. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, mawe na mizizi hutolewa, maji huongezwa na udongo hukanyagwa hadi uwe laini sawasawa. Fundi huujaza kwenye kalibu ya mbao, hukata juu kwa ubao na kulipindua tofali chini. Matofali hukaushwa wiki moja hadi mbili chini ya nyasi au majani ya migomba. Yakipigwa na jua kali moja kwa moja hupasuka, kwa sababu ngozi ya nje hunywea kabla ya ndani. Kisha hupangwa kuwa tanuru lenye mahandaki ya kuni chini, hupakwa udongo nje, na moto huwashwa siku kadhaa hadi joto lifike karibu nyuzi 900 au zaidi.

Kinachoharibika mara nyingi ni matofali ya pembeni mwa tanuru, ambayo hayaivi. Chukua mawili uyagongeshe: yaliyoiva hulia kwa sauti ya kengele, mabichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha loweka moja usiku kucha. Likimeguka kwa kidole asubuhi, tanuru zima linahitaji kuchambuliwa. Tofali bichi likiingia ukutani, mvua italila ndani ya misimu michache na kuacha shimo kati ya wenzake wazima.

Kwa nini vigae na si mabati?

Kigae hakiwaki, hakipigi kelele mvua inaponyesha juu ya mahubiri, na hupunguza joto la mchana. Bei yake ni uzito. Paa la vigae vya udongo hubeba takriban kilo 40 hadi 60 kwa kila mita ya mraba, wakati mabati ya kawaida ni kilo 5 hivi. Kwa hiyo kenchi lazima ziwe nene na kuta ziwe pana. Mteremko nao lazima uwe mkali, kwa kawaida nyuzi 30 au zaidi, la sivyo maji yanasukumwa na upepo kurudi juu chini ya kigae.

Kuba linabebwa na nini?

Na nguzo na matao yaliyo chini yake, pale mikono ya jengo inapokutana. Kuba husukuma pande zote kwenda nje, siyo chini tu, ndiyo maana nguzo zinazolizunguka ni nene kuliko jicho linavyotarajia, na kuta za pande zote zinasaidia kulikumbatia. Ufa kwenye tofali moja moja hapa na pale si habari. Ufa unaofuata tao kutoka juu hadi kwenye bega la nguzo, na kuendelea kupanuka, ni habari kubwa. Bandika kipande cha kioo juu yake kwa plasta, andika tarehe, na kioo kikikatika muite mhandisi wiki hiyo hiyo.

Ngoma zina kazi gani?

Kuita watu. Buganda ilikuwa ikizungumza kwa ngoma muda mrefu kabla ya kengele kufika. Kila ukoo una mlio wake, na kanisa lilichukua desturi hiyo bila aibu, jambo ambalo tunaliona kuwa moja ya mambo mazuri zaidi ya Namirembe.

## Makaburi

Nani wamezikwa hapa?

Wanaoulizwa zaidi ni hawa. Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na mabaki yake yakazikwa Namirembe mwishoni mwa 1892. Alexander Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, mabaki yake yakaletwa hapa mwaka 1927. George Pilkington aliuawa katika uasi wa wanajeshi wa Kinubi huko Busoga, Desemba 1897. Sir Albert Cook alifariki mwaka 1951. Askofu Tucker hayupo: alizikwa Durham, Uingereza.

Je, askofu mkuu Janani Luwum amezikwa Namirembe?

Hapana, ingawa kaburi lake lilichimbwa hapa. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi liliandaliwa karibu na la Hannington, lakini serikali haikuutoa mwili. Ukapelekwa kwao Mucwini, kaskazini, ukazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikuja Namirembe hata hivyo, katika siku ambazo kukusanyika tu kulihitaji moyo mgumu, wakasimama kulizunguka kaburi lisilo na mtu na kuimba nyimbo za ufufuo. Anayetaka kuzuru kaburi lenyewe aende Mucwini, wilaya ya Kitgum.

## Utunzaji, kwa wenye makanisa ya umri huu

Tunaweza kuziba viungo vya ukuta wa zamani kwa simiti?

Tafadhali msifanye hivyo. Hili ndilo kosa linaloua kuta nyingi za matofali ya zamani, na hufanywa kwa nia njema, mara nyingi kwa fedha za harambee.

Tofali la kuchomwa kwa kuni ni laini na hupitisha unyevu. Kwenye ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo, maji ya mvua huingia na kutoka kupitia viungo. Simiti ni ngumu kuliko tofali na haipitishi. Maji yakishaingia hutafuta njia nyingine, nayo ni uso wa tofali. Yanapokauka huacha chumvi nyuma ya uso huo, chumvi hupanuka, na uso unabanduka. Baada ya miaka michache unabaki na kimia cha simiti kilichotokeza na matofali yaliyoliwa katikati yake.

Njia sahihi: kwangua kiungo kilicholegea kwa mkono, si kwa mashine, kina cha milimita 20 hadi 25. Piga vumbi, lowesha. Changanya sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga safi wenye chembe kali, maji kidogo. Sindika kwa tabaka, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku tano hadi saba. Chokaa ikikauka haraka huwa unga. Kabla ya yote, jaribu mota ya zamani iliyo kwenye viungo: ikikwanguka kwa kucha au msumari, hiyo ni chokaa au udongo, na simiti haina nafasi hapo.

Vigae vinavunjika. Tuezeke mabati?

Badilisha vilivyovunjika kwanza. Kuondoa vigae kunaondoa uzito uliokuwa unalishikilia paa dhidi ya upepo (soma tena habari ya kanisa la pili). Ukiweka mabati juu ya kenchi zile zile bila kuzifunga upya kwenye kuta, umerudi mwaka 1894. Kigae kimoja kilichoteleza ni kazi ya saa moja. Kikiachwa msimu wa mvua, kinaozesha kichwa cha kenchi.

Mchwa tunawazuiaje kwenye jengo la matofali?

Mchwa hawali tofali, wanapanda juu yake kuufikia mti. Tafuta mistari ya udongo ukutani, hasa nyuma ya makabati ya sakristia na chini ya sakafu ya mbao. Usirundike kuni wala udongo wa bustani ukutani, acha angalau sentimita 30 za msingi zikionekana. Kuvunja mstari bila kutibu chanzo hakusaidii: wataujenga tena ndani ya siku chache.

Kinga ya radi inatakiwa iweje?

Fimbo kwenye kilele cha juu kabisa, utepe wa shaba usiopungua milimita za mraba 50, njia za kushukia zisizopungua mbili pande tofauti za jengo, na kila njia iishie kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Ukinzani wa ardhi uwe chini ya omu 10, na upimwe mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, kwa sababu ardhi kavu hupitisha umeme vibaya. Vinavyokwenda kombo ni viwili: kona kali kwenye utepe, ambako radi huruka na kuingia ukutani, na shaba ya chini kuibwa. Kinga iliyokatwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa inaileta radi na kuiacha katikati ya ukuta. Funika mita mbili za chini kwa bomba, na mlinzi azitazame kila wiki.

## Maswali ya pembeni

Ndipo Kabaka anapotawazwa?

Hapana. Kabaka hutawazwa Naggalabi, Buddo. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa huko tarehe 31 Julai 1993, na harusi yake na Nnaabagereka (malkia) Sylvia Nagginda ndiyo iliyofanyika Namirembe, tarehe 27 Agosti 1999.

Ndicho kiti cha askofu mkuu wa Uganda?

Siku hizi si hapa. Dayosisi ya Kampala iliundwa mwaka 1972 kwa ajili ya askofu mkuu, na kanisa lake kuu ni la Watakatifu Wote, Nakasero. Namirembe ina askofu wake.

Nitalitofautishaje na Lubaga nikiwa mjini?

Namirembe ina kuba moja. Lubaga, kanisa la Kikatoliki lililojengwa 1914 hadi 1925, ina minara miwili mbele.

Naweza kuingia siku za kawaida na kupiga picha?

Kwa kawaida unaweza kuingia nje ya saa za ibada. Mwone mhudumu mlangoni kwanza, umsalimie, umweleze unachotaka. Picha za ndani omba ruhusa, na usipige kabisa harusi au mazishi ya watu. Ibada huwa za Kiingereza na za Luganda, kwa hiyo uliza saa za ile unayoielewa. Ukitaka kuona matofali vizuri, njoo asubuhi au jioni: jua la pembeni linaonyesha kila kiungo, na la saa sita linaficha vyote.